Mtaliano Aliyefunga Nasi

Sisi tuliokulia Shively, huku Marekani, kabla kila mtoto hajapewa simu yake, tulijua kukaa. Tulikaa kwenye ngazi za nje tukichambua sombe, yale majani ya muhogo, tukigombania upande wenye kivuli. Mtoto wa leo ukimnyima intaneti dakika tano anauliza amekosa nini. Jumamosi jengo zima lilinuka samaki wakavu, na majirani Wamarekani walifunga madirisha. Mmoja tu aliifuata harufu: Matteo, kijana mrefu wa Kitaliano wa ghorofa ya juu, aliyechezea chuo kimoja cha mjini mpira wa kikapu. Aligonga, akaingia ameinama, akala ugali kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo Mama alimhesabu mwanawe.

Mwaka wake wa mwisho chuoni, timu moja ya kulipwa ya kwao ilituma wanaume wawili kuja kumtazama, mara moja tu. Wakimpenda, angerudi Italia mchezaji. Wasipompenda, angerudi kubeba saruji na baba yake. Matteo aliacha utani. Tulimsikia juu ya dari akitembea huku na huku, nasi chini tukashindwa kutulia.

Nyumbani kwetu jambo zito lilikuwa na dawa moja. "Bon, kesho nyumba yote inafunga," Mama alisema. "Hakuna mutu wa kula kitu mpaka mchezo iishe, njo tutasema Amen na kula." Alikuwa anatuambia sisi watoto, na Papa, ambaye angefunga huku amesimama kwenye mashine kiwandani Jeffersontown. Matteo alikuwa ameketi mezani petu. Aliniomba nimtafsirie, nikamtafsiria, akaitikia kwa kichwa. Mama hakufikiria kwamba Matteo naye amejihesabu mtu wa nyumba.

Kesho yake tulijazana jukwaani; kipindi cha kwanza kilikuwa mateso. Mpira ulimponyoka. Mitupo yake haikufika hata kwenye pete. Wale wanaume walikaa mstari wa mbele, makoti mapajani, na mmoja akaanza kutazama saa. Kocha akamtoa Matteo, naye akaenda kukaa peke yake mwisho wa benchi, midomo imepauka.

Mama alimtazama kwa muda. "Furaha," akaniita, "ule mutoto alikula?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea, kwamba hajala tangu jana, kwa sababu Mama mwenyewe alisema nyumba yote inafunga.

Sijawahi kumwona Mama akishuka ngazi namna ile. Alinyakua mfuko wa ndizi na mikate ya mafuta tuliyobeba ya kufungulia, akampita mlinzi bila kumtazama. Matteo aliona chakula, akakataa.

"Bado Amen, Mama," alisema.

Mama yangu, ambaye kwa kubariki chakula tu aliomba hadi ugali ukapoa, alimwekea mkono kichwani. "Mungu, umeona. Amen. Kula, mutoto wangu."

Alikula kwa pupa, kocha ameduwaa. Aliporudi uwanjani miguu ilikuwa imemrudia. Timu yake ilishindwa, lakini wale wanaume hawakutazama saa tena, na kiangazi akasafiri. Alicheza kwao miaka mingi, hadi goti lilipokataa.

Siku hizi mpwa wangu anachezea timu ya shule. Ana kinywaji cha buluu cha kuongeza nguvu, na mtu wa kumpangia chakula kwa video. Njaa haijui. Nami mwezi uliopita nilikuwa na usaili wa kazi niliyoitamani kwa miaka. Ndugu walinitumia vijipicha vya mikono ya maombi kwenye simu, wengine huku wanakunywa chai. Mama tumeshamzika. Asubuhi ile nilikula mayai na mkate nikashiba, nikaingia kwenye gari, nikalia kabla sijaliwasha, kwa kuwa hapakuwa na mtu popote aliyeshinda na njaa kwa ajili yangu.