Sindano ya Pili Aliyoikataa Bi Bahiya

Saa moja asubuhi, Chwaka. Bi Bahiya Hashil anamlaza kuku ubavu juu ya meza, anaukunjua ubawa na kumshika imara. Daktari wa mifugo, Nadir Msabah, anavuta damu kidogo kwa sindano nyembamba. Macho ya Bi Bahiya yako ng'ambo ya ukuta, kwenye banda la Yusra.

Yusra ni mke mwenzake, mdogo kwake kwa miaka kumi na minne. Mume wao, Haroub, aliwajengea mabanda mawili sawasawa, kila moja kuku sitini wa mayai.

Mwaka jana watafiti walileta majaribio ya chanjo ya mafua ya ndege: sindano ya kwanza, kisha baada ya wiki tatu, ya pili ya aina nyingine.

"Ya kwanza inaufundisha mwili kumjua adui," anaeleza Nadir. "Ya pili inaukumbusha, na hapo kingamwili hupanda sana."

Siku ya sindano ya pili, Nadir alianzia kwa Yusra. Bi Bahiya akamfungia mlango.

"Nikamwambia, ulikoanzia malizia huko huko," anasimulia. "Mimi ndiye mke mkubwa. Hata kwa sindano ya kuku niwe wa pili?"

Wiki nane baadaye damu ilipimwa. Kinga ya kuku wa Yusra ilikuwa juu. Ya kuku wa Bi Bahiya ilikuwa imeshuka, karibu haionekani. Hoteli moja iliyotaka mayai ya kuku wenye kinga ikaanza kununua kwa Yusra, trei kumi kwa wiki. Bi Bahiya akabaki kuuza sokoni Darajani, kila trei kwa shilingi elfu mbili pungufu ya bei ya hoteli.

"Gari la hoteli likipiga honi, nnafunga dirisha."

Mabanda yote mawili yalipoletewa kuku wapya na chanjo kuanza tena, Yusra ndiye aliyebisha hodi.

"Shikamoo, Bi Bahiya. Nimemwomba daktari safari hii aanzie kwako."

"Marahaba. Nani kakutuma unionee huruma?"

Lakini mlango aliuacha wazi. Kuku wake wakachanjwa mara zote mbili, na damu ya leo ndiyo itakayoonyesha kinga yao.

"Wivu nnao, siufichi," anasema. "Ila nimeukataza kuingia bandani."

Hoteli imeahidi kununua mayai yake pia, majibu yakiwa mazuri. Ameshapanga kuongeza kuku arobaini, wafike mia.

"Mwenzangu," anasema, akitazama tena ng'ambo ya ukuta, "anao sitini tu."