Vyuma vya Pikipiki ya Zahanati

Mguu wangu wa kushoto uliharibiwa na watu wawili ambao hawakuugusa. Wa kwanza ni aliyekuwa katibu kata wetu. Wa pili ni mtunza stoo wa zahanati. Majina yao siandiki, lakini vyeo vyao naviandika, na mtu wa upande wa Mpui aliyeishi siku zile atawajua tu.

Ilikuwa hivi. Tulikwisha kuhamishwa, tumekaa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Zahanati ikaletewa pikipiki ya kupelekea chanjo vijiji vya mbali. Ilikuja na vyuma vya kinga, vile vinavyotokeza kulia na kushoto mbele ya injini, ili pikipiki ikianguka ilalie chuma, isilalie mguu wa mtu. Katibu naye alikuwa na pikipiki ya kazi, haina vyuma. Akavitamani. Mtunza stoo akavifungua akampa pamoja na bolti zake zote, maana alikuwa mtu wa kupenda kusifiwa na wakubwa.

Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba sanduku la chanjo. Nilikaa nyuma. Masika ile tulianguka kwenye tope, pikipiki ikanilalia na eksozi yake ya moto. Mganga wa zahanati aliyekuwa anaendesha alirukia majanini, hakuchubuka. Mimi mfupa uliunga vibaya, na hivyo ndivyo ulivyo hadi leo. Katibu alikuja kunipa pole. Aliegesha pikipiki yake mbele ya dirisha langu, vyuma vinang'aa.

Mganga yule akahamishwa, akaletwa nesi, binti mwembamba wa Mbeya, anajua kuendesha pikipiki kuliko wanaume wengi. Wazee kwenye pombe ya ulezi walimcheka.

"Huyu upepo wa hapa utamchukua na pikipiki yake."

"Mwacheni. Akianguka tutamwokota."

Yeye aliniuliza, "Kaka, huo mguu ulifanyaje?" Nikamweleza. Akatazama miguu yake mwenyewe, ndani ya raba nyeupe, kisha akatazama pikipiki. "Na mimi natakiwa Ilemba," akasema. Njia ya Ilemba inateremka kutoka huku juu hadi bondeni, mawe matupu, na mvua zilikwisha kuanza.

Alimwendea katibu, mimi nipo.

"Ndugu katibu, naomba vile vyuma vya zahanati."

"Vile ni mali ya wananchi, dada."

"Ndiyo. Na mimi nawahudumia wananchi."

"Na mimi nawaongoza," akasema katibu, akacheka, na mtunza stoo naye akacheka nyuma yake.

Nikaenda kwa baba mdogo. Yeye ni mhunzi, kwetu walikuwa wanafua majembe toka zamani, kabla ya majembe ya dukani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Leo umekuja na maneno, maana kwa mguu huo usingekuja kunisalimia tu."

Nikamweleza kwamba kuna mtoto wa watu anaweza kuwa kama mimi. Alichukua chuma cha plau ya ng'ombe iliyovunjika, akakipasha moto, akakikunja juu ya jiwe mpaka vikatoka vyuma kama vile vya katibu, ila vizito zaidi na vibaya zaidi kwa sura. Matundu aliyatoboa chuma kikiwa chekundu. Bolti pia zilikuwa za plau.

Siku ya kufunga, nesi alirudi jioni kutoka vijiji vya jirani, injini bado inachemka. Mimi nikasema tungoje. Baba mdogo akakataa kabisa.

"Jembe tunalitia kwenye mpini mkia wake ukiwa mwekundu," akasema. "Likipoa limeshika mpaka uzeeke. Chuma hufungwa kikiwa na moto."

Tukaanza. Bolti ya juu aliikaza yote kwa nguvu zake, tukafika ya chini, tundu halionani na tundu. Akachukua nyundo. Nesi akamshika mkono. "Mzee, tuilegeze kwanza ile ya juu." Tukailegeza. Tukaziingiza bolti zote kwa vidole tu, nati zikashika kidogo, chuma kikawa kinacheza. Ndipo tukakaza kwa spana, hii kidogo, na ile ya upande wa pili kidogo, tunazunguka, mpaka spana ikagoma. Katibu alipita, akaangalia, akasema, "Basi, limekaza hilo. Kesho asubuhi aondoke, kule Ilemba watoto wanangoja."

Asubuhi ilikuwa baridi ya kwetu, ukungu umelala hadi magotini. Baridi ikija mguu wangu huniamsha mapema, kwa hiyo nilifika wa kwanza. Nikagusa nati ya upande wa kushoto, upande wa mguu wangu. Ikazunguka kwa vidole.

Baba mdogo alipofika akaijaribu, akageuka polepole kumtazama katibu, ambaye alikuja kuaga msafara. "Nani kalegeza?"

"Nani mwingine?" nikasema mimi. "Huyu si kashazoea kujichukulia vyuma vya zahanati."

"Chunga mdomo wako," katibu akasema. "Mnachelewesha kazi ya taifa. Nesi, washa uende."

Nesi alichuchumaa, akashika injini kwa kiganja. Kisha akasema, "Hajalegeza mtu. Hata sindano zangu za kioo ziko hivi. Zikitoka kwenye maji ya kuchemka, kile chuma cha ndani kinachosukuma dawa kinabana kwenye kioo mpaka hakisogei. Zikipoa, kinateleza chenyewe. Jana injini ilikuwa imevimba kwa moto. Usiku imenywea."

Baba mdogo akasema, "Mpini ni mti. Mti hauvimbi hivyo." Ndiyo ilikuwa namna yake ya kukubali. Mimi ilinikera kwamba kwa jambo hili katibu hakuwa na kosa.

"Siondoki mpaka zikazwe," nesi akamwambia katibu. Katibu akaondoka yeye.

Tukakaza upya, chuma kikiwa baridi. Nilitaka kuchomeka bomba kwenye mkia wa spana ili nipate nguvu. Baba mdogo akanikataza. "Ukisikia imekuwa laini mkononi, hapo haikazi tena, inakatika. Ikigoma, iache." Nikaiacha. Spana nikaitia mfukoni, maana nesi alisema tukitikiswa na njia tutasimama tukaze tena.

Nimesema tutasimama, kana kwamba nami nilikwisha kukubali kwenda. Sikuwa nimepanda pikipiki tangu siku niliyovunjika. Lakini alisema, "Kaka, sanduku atanibebea nani?" Nikapanda.

Tulisimama juu ya mteremko, tukangoja injini ipoe, nikakaza. Mbili zilikuwa zimesogea kidogo. Kisha tukateremka. Kwenye kona, jiwe lilitoka chini ya tairi, pikipiki ikalala upande wa kushoto. Mimi nikatupwa na sanduku kifuani. Nilipoinuka nilimwona nesi yuko chini ya pikipiki, na sikuweza kusogea, nilijua kinachofuata.

"Kaka, usisimame hapo. Inua."

Chuma cha plau kilikuwa kimepinda, kimejikita kwenye udongo, na kati ya injini na ardhi palibaki nafasi. Mguu wake ulikuwa ndani ya nafasi ile. Niliinua kidogo, akauvuta. Raba ikabaki kwenye tope. Akazigusa nati moja moja kabla hajajigusa mwenyewe, zote zimeshika. Ndipo akalia.

Kwenye mkutano wa kijiji katibu alivisifu vyuma vile kuwa matunda ya uongozi bora, na mtunza stoo akapiga makofi. Hilo nalo naliandika. Lakini siku ile, bondeni, nesi alitembea mbele yangu akiisukuma pikipiki, mguu mmoja una raba, mwingine pekupeku, na yote miwili inakanyaga sawasawa. Nilimfuata nikichechemea, nikiitazama miguu yake.