Mama yangu, mkoba wa majani na jiwe la foleni: nilivyoacha kuchoshwa na kuokota vitu kwenye RPG

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba yenu mnayo.

Juzi mdau mmoja aliuliza: nyie mnaocheza RPG, magemu ya safari ndefu, ile kazi ya kuokota okota mnaivumiliaje? Majani, mawe, magogo, ngozi za wanyama, unainama na kuinuka saa nzima, bosi wa kupigana naye hujamwona. Wengine wakamwambia ashushe mod ya kurahisisha gemu. Wengine wakamwambia aache gemu akatafute mke.

Jibu ninalo, ila ni refu na linaanzia Chumbageni, Tanga. Na siyo chai, ni kweli tupu. Aliyenifundisha ni mama yangu mzazi, yupo, nikiongeza chumvi atanisuta.

Turudi nyuma.

Miaka ile ya dhiki wengi humu mmeisikia kwa wazee tu. Sukari foleni, sabuni foleni, khanga foleni. Mtu huwezi kusimama kutwa, kwa hiyo unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda kupika. Foleni ikisogea, waliopo wanasogeza na mawe ya wenzao.

La mama lilikuwa jiwe la matumbawe lenye tundu katikati, lisifanane na la mtu. Nilipokuwa mdogo nilidhani lile jiwe ndilo linalotuletea sukari.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa, foleni zikafa. Lakini mama hakuamini. Akipata kitu kizuri anakifungia kwenye kasha la bati uvunguni. Sabuni za manukato, khanga doti mpya, mifuko ya sukari. Ukimuuliza anakwambia, "Vina siku yake hivyo."

Siku yake haikufika. Mimi naoga kwa sabuni ya mche, usiku nalala juu ya kitanda nainusa ile ya manukato inavyopenya bati.

Humo kashani kulikuwa na viatu vyangu vyeusi pia. Nilivijaribu mara moja tu dukani, vikaingia kashani. Shule nikaenda na ndara. Nilimpenda sana mama, lakini vile viatu viliniuma rohoni, nisiwafiche.

Sasa gemu linaingiaje?

Tulikuwa tumepanga vyumba vya uani kwa mzee mmoja wa Kihindi, muuza vitambaa. Mwanawe, Murtaza, alikuwa rika langu. Mjomba wake akamletea kutoka Dubai mashine ya gemu, zile za kuchomeka kaseti, na kaseti yenyewe moja tu.

Sebule yao ilikuwa ghorofani. Mapazia ya kijani, wakiyafunga mchana chumba chote kinakuwa kijani, feni inazunguka polepole, harufu ya udi haitoki kwenye makochi. Hadi leo nikifumba macho naweza kuingia pale.

Gemu lilikuwa la kijana anayezunguka nchi ya mbali. Msitu, milima, vijiji, halafu pwani yenye muziki wa taratibu unaokulegeza. Murtaza alishika pedi ya kuchezea kwanza, mimi nikaachiwa kuchagua jina. Yule kijana akaitwa Zuberi.

Lakini kila hatua wanataka uokote. Majani ya dawa, chumvi ya mawe, kuni. Tukawa tunagombana nani aokote.

Siku moja mama alipanda kumletea Mama Murtaza nguo alizomshonea, akatukuta tumenuniana.

"Mnagombea nini?"

"Mama, hapa ni kuokota majani tu, inachosha."

Akatazama kioo cha TV. "Kuokota ndo kunakuchosha? Na hakuna hata foleni? Hebu nipishe."

Wakuu, mama alikaa.

Alijifunza pedi haraka kuliko tulivyotarajia, na hakucheza kama sisi. Sisi tulikuwa tunakata msitu mzima mara moja, kama tumepewa zamu shamba la mkonge. Yeye aliokota akiwa njiani kwenda kwa mtu. "Tupite kwanza kwa yule bibi mwenye paka." Akimkuta mzee wa kwenye gemu anamwamkia shikamoo, kwa sauti kabisa. Sehemu akazipa majina ya kwetu: huku Amani mlimani kwenye baridi, hapa Kigombe pwani maji yakipwa. Jani la kwanza likionekana anasema, "Alhamdulillahi," na anamaanisha.

Akawa anapanda kila baada ya adhuhuri. Mama Murtaza analeta chai ya maziwa, na yeye anakaa kuangalia. Sisi kazi yetu mapigano, kuokota ni kazi ya mama. Asubuhi moja alinisimulia, "Jana nimeota nimo mle msituni, mwanangu. Majani hayaishi, na hakuna anayenisukuma." Sijawahi kumwona na uso ule, mlaini vile. Nami nikaacha kuona uvivu. Nilikuwa napenda tu kukaa pembeni namwangalia akitembea.

Tatizo likawa moja. Hatumii.

Mkoba ukajaa, haugusi. Tukiomba jani moja anakataa, eti mbele kutakuwa kugumu zaidi.

Basi siku hiyo alikuwa pangoni anaokota chumvi, joka likamtokea. Damu ya Zuberi ikaanza kushuka.

"Mama, kula jani!"

"Bado."

"Shikamoo mama, tafadhali kula jani!" Murtaza hata salamu aliichomeka popote.

"Tulieni. Tukiyamaliza hapa, kesho tutakula nini?"

Zuberi akaanguka. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno ya Kiingereza.

"Kimesemaje?" mama akauliza.

Murtaza akasema kwa sauti ndogo, "Zuberi amekufa."

"Na majani yote yale?"

"Alikuwa nayo mkobani."

Mama aliiweka pedi juu ya meza taratibu sana, kama kikombe kilichojaa. Akateremka bila kuaga.

Nilimkuta chumbani, kasha liko wazi. Sukari imeganda pande moja. Sabuni zimepasuka. Khanga zimechakaa kwenye mikunjo bila kuvaliwa hata siku moja. Akatoa viatu vyangu, akapiga magoti mwenyewe kunivalisha. Vidole havikuingia.

Alisukuma, akasukuma tena, kisha akacheka, na katikati ya kicheko akalia. "Mwanangu nimekuua na dawa ninazo." Nikamwambia mimi mzima, mama, ni gemu tu. Akatikisa kichwa. Tulikuwa tunajua wote wawili kwamba hazungumzii gemu.

Jioni ile alioga kwa sabuni iliyopasuka hadi uwanja mzima ukanukia, akafunga khanga iliyofifia mikunjoni. Sukari tukaivunja kwa mchi, majirani wote wakanywa chai tamu kupita kiasi. Kesho yake akaniambia nivue ndara, tukaenda dukani. Vile vipya nilirudi nimevivaa.

Na chini kabisa ya kasha, mnajua kulikuwa na nini? Lile jiwe lenye tundu. Alikuwa analitunza, foleni zisije zikarudi.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, jibu langu hilo. Usiende kuokota, nenda kwa mtu, okota njiani. Sehemu zipe majina ya kwenu. Kama una ndugu anayependa unachokichukia, mwachie pedi. Na ulichookota kitumie leo, maana kinachochosha ni kuokota vitu ambavyo havitaguswa.

Mama sasa ni mzee, macho hayaoni kioo vizuri. Nikicheza ananiuliza tumefika wapi, namwambia pwani, ananiambia niongeze sauti ya muziki.

Lile jiwe lipo. Analitumia kuzuilia mlango wa sebule, usijifunge upepo ukivuma.

Haya wadau, uwanja wenu. Kwenye gemu unalocheza sasa, ni dawa ipi unaitunza, na unamtunzia nani?