Shairi la Uweso Lililochechemea

Mimi Mboni, niliyekua nyumba ya pili na Saleha binti Sadalla hapa Ngamiani, nawaambia: asiyemjua Saleha hajui shairi. Harusi ikikaribia, wasichana humletea beti zao. Yeye hushona kofia huku akisikiliza, kidole kinagonga mkeka: nane, kituo, nane. Mizani ikizidi, sindano husimama. "Mwanangu, hapa pana mgeni asiyealikwa," husema, nasi hoi kwa kicheko.

Mwaka hamsini na nne alikuwa kwa baba yake, kanuna. Mumewe Uweso, fundi baiskeli wa Mabawa, alisema mbele ya wageni kwamba mchuzi wa mkewe ni chumvi tupu. Mbele ya wageni! Mimi ningemmwagia. Mzee Sadalla akaapa kwamba Uweso asipoomba radhi, Ijumaa baada ya sala anakwenda kwa kadhi kudai talaka. Na Saleha bado anampenda, masikini. Kila kengele ya baiskeli ikilia, yuko dirishani.

Jumatano Uweso akamtuma shangazi yake, Bi Mwanamkasi. Kwetu shairi la kuomba radhi hujibiwa kwa vina vile vile, ukijibu, mmepatana. Bi Mwanamkasi akakohoa, akaghani:

Saleha wangu rejea, nyumba yote imezima
Usiku nakulilia, machozi kama kisima
Dunia yanilemea, rudi nipate uzima
Saleha wangu rejea, nyumba yote imezima

Mimi moyo ukayeyuka. Saleha akawa anagonga kidole.

"Mizani kamili," akasema. "Vina vya kati vyote *a*, vya mwisho vyote *ma*. Mstari wa kwanza umerudi mwishoni, sawasawa." Machozi yakamlengalenga. "Shangazi, hili kalitunga nani? Uweso tangu azaliwe hajapata kufikisha mizani kumi na sita. Radhi ya kuazima siitaki."

"Wewe nawe!" nikamwambia. "Talaka inabisha hodi, unahesabu mizani?" Akamrudisha shangazi na shairi lake.

Alhamisi alasiri Bi Mwanamkasi akarudi, hatutazami usoni. "Mwanangu, kaniapisha niseme kama alivyosema," akaanza:

Saleha rudi, rudi, rudi
Nilisema uongo mbele ya wageni, mchuzi haukuzidi chumvi
Niliona wivu, walikuwa wanakusifu wewe tu
Rudi

Kidole cha Saleha kiligonga, kikapotea njia, kikasimama. Mstari mmoja mfupi, mwingine umevuka barabara, na kina hata cha dawa hakuna.

"Na hiyo rudi, rudi?" nikauliza. "Ndiyo kibwagizo?"

"Wapi! Maneno yamemwishia." Alikuwa anacheka huku analia. "Hili lake mwenyewe, Mboni. Lake mwenyewe."

"Basi jibu, kesho Ijumaa!"

"Nijibu kwa kina gani, na yeye hakuweka hata kimoja? Hili linajibiwa kwa miguu." Akachukua buibui lake msumarini, akamuaga baba yake, akashika njia ya Mabawa.