Saladi ya Waru Iliyonitoa Jasho Kongo

Mkicheka, chekeni polepole, kwa sababu hiki kisa nimekificha miaka mingi, na hata mume wangu nilimwambia siku atakitaja mbele ya watu atalala kwa kiti, lakini leo mmeniuliza mbona kila sherehe mimi naleta chapati tu, chapati tu, kama mtu hajui kupika kitu kingine, basi wacha niseme. Kuna siku nilijaribu kitu kingine, na nusura niitwe mchawi mchana peupe, huko Kongo, ule mtaa wa Kawangware, Nairobi, tena mbele ya mama mkwe.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nakaa Kisumu Ndogo, Kibera, chumba kimoja cha mabati, na kazi yangu ilikuwa kufulia nguo mama mmoja wa mtaa wa Olympic, mama mzuri tu, ila alikuwa na maneno mengi kuhusu usafi. Wafula, huyu mnayemjua, alikuwa seremala, tulikuwa tumependana na tunataka kuoana, lakini mama yake huko Bungoma alikuwa hajawahi kuniona, na habari alizokuwa amepata kunihusu ni moja tu, kwamba mimi ni Mjaluo. (Hakufurahi. Wafula alijaribu kunificha lakini mwanaume akificha kitu uso wake unakuwa kama wa mtu ameumwa na jino.)

Sasa huyo mama akaja Nairobi kupimwa macho, na wanawe wakaamua kumchinjia mbuzi, wachome nje ya ploti ya kaka mkubwa, Kongo. Mimi nitatambulishwa hapo. Wafula akaniuliza:

"Na wewe utaleta nini?"

Ningesema kachumbari mambo yangeishia hapo. Nyanya, kitunguu, dhania, pilipili, kwisha. Lakini mdomo wangu huu, sijui siku hiyo ulikuwa wa nani, ukasema:

"Nitaleta saladi ya waru. Ile nyeupe, ya mayonezi."

"Ile ya mahoteli?" Wafula akafungua macho.

"Hiyo hiyo."

Hiyo saladi nilikuwa nimeona mama wa Olympic akitengeneza, na nikaila kidogo jikoni, na nikaota nayo. Kwa hivyo nilijua inavyofanywa, au nilidhani najua. Asubuhi ya siku yenyewe niliamka mapema nikachemsha waru, hivi viazi vyetu, na maganda yake, nikachemsha karoti, nikachemsha mayai, vikapoa, nikamenya, nikakata vipande vidogo vidogo vya kupendeza. Sasa mayonezi. Ya dukani sikuwa na uwezo nayo, lakini nilikuwa nimemwona mama akitengeneza yake kwa mkono, unachukua kiini cha yai bichi, unatia chumvi na vinega kidogo, unapiga kwa uma huku unadondosha mafuta tone moja moja, hiyo tone moja moja ndiyo siri, ukiwa na haraka inakatika. Mimi nilikuwa na haraka. Ikakatika, mafuta yakaenda huku na yai likaenda huko, nikatazama lile bakuli nikataka kulia. Nikaanza upya na kiini kingine, sasa nikidondosha kama mtu anatia dawa ya macho, mkono unaniuma, jirani anapita mlangoni ananiuliza, "Auma, unapiga yai au unapigana na yai?" mimi nadondosha tu, na wallahi ikashika! Ikawa nzito, ya manjano hafifu, laini. Nikachanganya na waru, nikakatia kitunguu na dhania juu, nikaonja. Nilijipenda sana hiyo dakika.

Nikaweka kwa bakuli kubwa la plastiki lenye mfuniko, nikafunga na leso, nikasema sitapanda gari, konda atanirushia hii kitu chini ya kiti imwagike, nitatembea. Nikaweka kichwani. Nikapita Olympic, nikatokea Ngong Road, jua nalo likaamua kutoka lote kwa mara moja, mnajua lile jua la Januari, hata lami inanuka. Nikafika Dagoretti Corner nimelowa jasho, nikasimama kivulini kidogo, nikagusa bakuli. Lilikuwa moto. Si joto, moto, kama limetoka jikoni.

Na hapo ndipo maneno ya mama wa Olympic yakanirudia, kwa sauti yake kabisa, siku ile alikuwa anairudisha saladi kwa friji mbio mbio: "Auma, hii kitu ina mayai mabichi. Ikikaa kwa joto inageuka sumu."

Sumu! Nikafungua leso pale pale kando ya barabara nikanusa, ikanuka kitu kikali, lakini ni vinega au ni kuharibika? Nikanusa tena. Ukinusa kitu mara nyingi na moyo wako una wasiwasi, kila kitu kinanuka vibaya. Mtu mwenye akili angeimwaga mtaroni aende na mikono mitupu aseme pole. Mimi nikafikiria Wafula alivyonisifu kwao, nikafikiria yule mama aliyeambiwa mimi ni Mjaluo, nikasema nitafika, nitaiweka nyuma nyuma, hakuna mtu ataiona.

Kufika tu, Wafula yuko kwa jiko la nyama na shati wazi, akapiga kelele, "Saladi imefika!" Watu wote wakageuka. Mama yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, gauni jipya la maua, akanishika mkono vizuri tu, akanipokea bakuli, akafungua. Mafuta yalikuwa yameanza kuelea juu.

"Hii ni uji?" akauliza.

"Ni saladi, Mama."

"Mh," akasema, akaiweka katikati ya meza.

Wakaombea chakula, wakaanza. Mimi nimepewa mbavu naitafuna lakini siisikii, macho yangu yako kwa lile bakuli tu, nimekaa kama mtu amekalia kisu. Kila mtu akinyoosha mkono moyo unaruka. Mmoja akachukua sukuma wiki, nikapumua. Mwingine akachukua ugali, nikapumua. Kisha Mama mwenyewe akachukua kijiko kikubwa, akapakua ile saladi, mlima, kwenye sahani ya Mzee Barasa, mjomba wao, mzee aliyekuwa ametoka kuugua tumbo juzi tu, na mzee akajaza kijiko, akakiinua.

"Mzee, usile!"

Nilipiga nduru mpaka majirani wakatoka nje. Kijiko kikabaki hewani.

"Kwa nini asile?" Mama akauliza.

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu. Lakini nikaona watu wote wananiangalia, nikasema, "Hatujaombea."

"Tumeombea," Wafula akasema kwa upole.

"Saladi ilikuwa bado imefunikwa," nikasema. (Najua. Hata mimi nilijisikia.)

Basi wakaniambia niombe mwenyewe. Nikaomba. Niliomba kwa muda mrefu sana, nikaombea macho ya Mama, nikaombea mbuzi, nikaombea Bungoma kwao na Siaya kwetu, nikaombea mvua, nikitumaini labda mtu ataangusha hiyo meza, na nikisema tu "amina" sauti moja ikasema kutoka nyuma:

"Sasa mpishi aonje kwanza."

Huyo alikuwa Senge Rispah, senge kwa Kiluhya ni shangazi, dada ya marehemu baba yao, mwembamba, macho makali. Kwetu na kwao ni kitu kimoja: mtu akileta chakula halafu akatae kukionja, kuna jina analoitwa.

"Mimi… mimi leo nimefunga, Senge."

"Na hiyo mbavu mkononi?"

Nikaangalia mkono wangu. Mbavu ilikuwa hapo.

"Hawa watu wa ziwa," Senge akasema, hata hakupunguza sauti, "niliwaambia mimi." Wafula akaacha kugeuza nyama. Sijawahi kumwona akiniangalia vile, hakuwa na hasira, alikuwa na swali, na hilo swali likaniuma kuliko maneno ya Senge. Nikasimama, nikasema imekosa chumvi, ngoja nikaongeze, nikashika bakuli. Mama naye akalishika upande wa pili, akasema, "Hapana, tuachie." Nikavuta. Akavuta. Jasho lilikuwa mikononi mwangu, plastiki ikateleza, na bakuli likaruka, wacheni tu, saladi yote ikaenda kwa gauni jipya la Mama, kuanzia kifuani mpaka kwa viatu, na iliyobaki chini.

Mbwa wa ploti, mkubwa, jina lake Bosi, hakungojea kuombewa. Akala. Akala ya chini yote, akalamba viatu vya Mama, akalamba bakuli mpaka likang'aa, na hakuna hata mtu mmoja aliyemfukuza.

"Muacheni," Senge akasema. "Tutaona."

Mngeona watu wazima wakiangalia mbwa. Nyama inaungua, hakuna anayegeuza. Bosi akatembea hatua kadhaa, akazunguka, akalala kwa ubavu, akafunga macho.

"Anakufa!" mtu akasema.

Mimi nikakaa chini kwenye vumbi, nikaanza kulia, na kila kitu kikatoka, kwamba ni mayai mabichi, kwamba sina friji, kwamba nilitembea na jua kutoka Kibera, kwamba ile kitu ikiharibika inaumiza tumbo na niliogopa kusema kwa sababu nilitaka wanipende. Nililia kwa Kiswahili na Kijaluo pamoja, hata sijui nani alielewa nini.

Kisha Mzee Barasa akarusha mfupa, kujaribu tu. Bosi akafungua jicho moja, akaamka, akaudaka. Ilikuwa tu usingizi wa shibe.

Mama alikuwa bado anajipangusa waru kifuani. Akaniangalia, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Kwa hivyo hukutaka tuhare?"

"Ndiyo, Mama."

"Msichana wangu. Mimi nimeogopa hicho kitu tangu nilipokifungua. Unafikiri kwa nini nilimpakulia Barasa kwanza?"

Mzee Barasa hakuona kama hiyo ni ya kucheka, lakini wengine walicheka mpaka wakashikana mabega, Wafula akaja akaniinua, na Mama akaenda kuazima gauni kwa jirani, likambana, na akakaa nalo hivyo hadi jioni bila kusema neno lingine kuhusu hiyo saladi. Tukaoana.

Lakini msidhani niliponyoka bure. Senge Rispah mpaka leo hii akija kwangu, hata nikimwekea chai, anakaa na mikono mapajani akinitazama, na mimi lazima ninyanyue kikombe changu kwanza, ninywe, nimeze, ndipo naye achukue chake. Tumefanya hivyo harusi, matanga, ubatizo. Watoto wangu wanadhani ni heshima ya Kiluhya. Nimewaacha wadhani hivyo, na nimejiapia kitu kimoja: chakula kikinitia wasiwasi nikiwa njiani, nitakitangaza mlangoni kabla hata ya kusalimia watu, wanicheke wakiwa wamesimama na sahani zao zikiwa tupu.