Nilivunja posa ya rafiki yangu kwa kujifanya ustadhi

Nimekosa mimi, na sina wa kumsingizia. Hata shetani nadhani alikuwa amelala wiki ile, kazi yote niliifanya peke yangu.

Jina langu liacheni. Nilizaliwa Pangani, kidato cha nne nikamaliza kwa kubahatisha, halafu miguu ikaanza kuniwasha. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kijana aliamini kwamba utajiri uko mkoa wa jirani. Nikaenda Tanga, nikaenda Dar, nikapanda treni hadi Dodoma. Dodoma nikachoka vumbi, nikadandia lori la kwenda Singida. Singida nikapata lori la vitunguu linalokwenda Arusha. Njiani tulikwama kwenye tope muda mrefu mno, mpaka nikaanza kuvifahamu vile vitunguu kimoja kimoja!

Nilishuka Arusha asubuhi ya baridi kali, Mlima Meru umesimama mbele yangu hauna hata wingu. Nilikuwa nimevaa kanzu na kofia. Msidhani ni ucha Mungu. Suruali ilikuwa imechanika makalioni.

Nikaingia msikitini kutafuta maji ya kunawa. Nikatoa salamu kwa lafudhi yetu ya Mwambao. Basi!

"Huyu mtu wa pwani," mzee mmoja akawaambia wenzake. "Hawa wenzetu dini wameinyonya kwa mama zao."

Jamani, pale watu wengi wanazungumza Kiswahili baada ya Kimeru, Kimasai au Kichaga. Ukitamka maneno kwa madaha kidogo wanaona umetoka Maka jana. Jioni nikaambiwa niadhini. Wiki haijaisha naitwa Ustadhi. Ningekataaje? Chai ilikuwa ya bure, na maandazi juu! Elimu yangu yote ya dini ilikuwa sura fupi za mwisho, nazo zimeingia kwa bakora.

Nikapata kibarua cha kuosha vipuri kwenye gereji moja Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Hapo ndipo nilipomkuta Elia, fundi wa injini, Mmeru wa Usa River, Mlutheri aliyeimba besi kwenye kwaya. Alinikaribisha chumbani kwake, akanipa nusu ya kitanda na koti lake la pili. Kwa baridi ya Arusha ya mwezi wa saba, koti ni undugu.

Elia alimpenda Zuhura, binti wa Mzee Shabani, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na bucha mjini. Mzee hakukataa. Sharti lake lilikuwa moja: kijana asilimu kwa moyo, ajifunze, kisha aje nyumbani aulizwe maswali. "Sitaki mkwe wa kubadilisha jina tu," alisema.

Elia akasilimu, akawa Ilyasi. Kwao kukawaka moto! Mama yake alikuja gereji, akasimama mbele ya mafundi wote.

"Yaani Elia, umeacha kwaya na kitimoto kwa ajili ya mtoto wa muuza nyama? Basi usije kwangu tena."

Kwa hiyo mnielewe. Nyuma kijana huyu alikuwa amefungiwa. Mbele umebaki mlango mmoja tu, wa Mzee Shabani. Na wa kumwandaa ni mimi. Na mshenga ni mimi!

Tulisoma tukiwa tumekaa juu ya matairi. Nguzo za Uislamu nilizijua, udhu niliujua. Siku moja Elia akafuta mikono, akaniuliza, "Ustadhi, mara mnasema nabii, mara mnasema mtume. Ni kitu kimoja?"

Sikuwa na habari! Siku waliyosoma hilo chuoni nadhani mimi nilitoroka kwenda kuogelea.

"Swali zuri," nikasema, ili nipate muda. "Angalia ofisini. Mkurugenzi anakaa kwenye kiti, tarishi anatumwa na bahasha. Sasa nabii ndiye mkubwa, amekaa na siri za Mungu. Mtume ni wa kutumwa, yuko chini yake."

"Kwa hiyo nabii mkurugenzi, mtume tarishi."

"Wewe una akili sana!"

Nilijiona mwanachuoni. Nikamwomba na soda, akaninunulia.

Siku ya maswali ikafika. Tukakaa sebuleni kwa Mzee Shabani, Zuhura na shangazi zake wako nyuma ya pazia, harufu ya pilau inatutesa. Mzee akauliza nguzo, Elia akajibu. Akauliza udhu, akajibu.

"Vizuri, mwanangu. Sasa nitofautishie nabii na mtume."

Elia akatabasamu. Alifurahi maskini, swali amelijua! Akakaa sawa, akamwaga yote kwa ile sauti yake ya kwaya. Kiti, bahasha, mkurugenzi, tarishi.

"Mungu wangu!" shangazi mmoja akasema nyuma ya pazia.

Mzee akaweka kikombe chini. "Kijana, nabii ni yule anayeteremshiwa wahyi, yaani ufunuo, na Mwenyezi Mungu. Mtume anateremshiwa wahyi, na juu yake anapewa ujumbe awafikishie watu. Kila mtume ni nabii, lakini si kila nabii ni mtume. Utume ndiyo daraja ya juu! Na Mtume wetu ni nabii na ni mtume. Sasa wewe umekuja kukaa kwenye zulia langu unamwita tarishi?"

"Mzee, mimi..."

"Huyo Ilyasi uliyechukua jina lake, Kurani imemtaja miongoni mwa mitume. Naye alibeba bahasha? Nani kakufundisha maneno haya?"

Elia akanigeukia. Hakunitaja. Alinitazama tu, akisubiri nifungue mdomo.

Nikaufungua. "Astaghfirullah! Ilyasi, haya umeyatoa wapi?"

Elia akainama. "Nilijisomea mwenyewe, mzee. Nilielewa vibaya."

"Umesilimu mdomoni, rohoni unatucheka," Mzee Shabani akasema. "Posa hakuna. Nenda."

Elia akatoka. Mimi mzee akanishika mkono. "Ustadhi, samahani kwa aibu hii. Kaa ule. Hivi, wewe una mke?"

Nikakaa. Nikala lile pilau. Nikaongeza na sahani ya pili!

Usiku Elia hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kesho utamwambia?" Nikasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa.

Zuhura mwenyewe akaja gereji na shangazi yake. "Ustadhi, mimi namjua mwalimu wa Elia. Nikimwambia baba, ataona namtetea mwanamume wangu. Wewe anakuamini. Elia kwao haendi, kwetu haingii. Sasa ahamie kwenye matairi?"

"Leo hii nitakwenda, dada."

Sikwenda. Nilikuwa naogopa kuitwa jina langu tu, bila Ustadhi.

Leo nina hamsini na kitu. Nimezunguka Mombasa, Kampala, Mbeya, na bado naota baridi ya Arusha na lile koti. Wewe unayeitwa ustadhi, mchungaji, dokta au mtaalamu kwa sababu ya kofia au ulimi wako, kataa siku ya kwanza! Siku ya pili umeshakunywa chai yao. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui, utachekwa jioni moja tu. Mimi yaliyompata Elia baada yangu siyajui, na sijathubutu kuuliza.

Maana asubuhi ya pili baada ya Zuhura kuja gereji, nilipanda basi la Namanga. Likasimama Sakina kupakia abiria, palepale mbele ya gereji! Elia akaniona, akakimbilia dirishani, mikono imejaa oili.

"Ustadhi! Mbona safari? Umeonana na mzee?"

"Jana usiku, nikarudi umeshalala. Nimemweleza kila kitu."

"Kasemaje?"

"Kasema uende."

Akapiga kelele ya furaha, akaligonga basi kwa kiganja kama analishukuru, konda akamtukana. Basi likaondoka. Nikageuka, nikamwona anakimbilia bombani kunawa mikono, aende kwa mkwe.