Alama za Kaveke

Kaveke wa Gatuanyaga, mama yake Mwende, alisimama karibu sana na fundi wake Githae hata akamwomba asimzibie mwanga. Hakusogea. Fundi mmoja wa Ruiru aliwahi kumtolea altaneta nzima, ile ya kuchaji betri, akamwekea mbovu, na tangu hapo kila mkono ulioingia chini ya boneti aliuona wa mwizi. Pikapu yake kuukuu iliyokuwa mbele yao ndiyo iliyokuwa ikibeba mbuzi wake hadi sokoni Thika, na Githae ndiye fundi pekee aliyekuwa bado anakubali kusimamiwa hivyo.

"Betri ina nguvu, stata ni nzima," Githae alisema. "Lakini ukiwasha inalia tik tik tu. Umeme haufiki." Akafungua waya kwenye kichwa cha betri. "Hii nyekundu ni nini?"

Kaveke alijibu bila kumtazama. "Rangi ya kucha."

"Aai, Mama Mwende! Betri nayo inaenda harusi?"

"Ni alama. Nimepaka kila kitu, usije ukanibadilishia."

Githae aliacha kucheka. Akaikwangua ile rangi iliyokuwa imezuia umeme, akakaza waya, akazungusha ufunguo, na injini ikawaka mara moja.

"Miaka sita nakutengenezea," akasema akipangusa mikono. Kisha akarudi nyuma hatua mbili. "Boneti funga mwenyewe, usije ukasema nimetoa kitu."

Kaveke aliona haya. Akashika boneti aifunge. Lakini kwanza aliinama, akaangalia kama alama yake nyekundu bado ipo kwenye altaneta.